Kifungo cha Koti la Baba

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Fundi Chapuchapu aliitwa mwizi na baba yake mzazi.

Hakuzoea. Nani atazoea jambo kama hilo? Alikuwa mama mtu mzima, fundi cherehani mwenye wateja wake na heshima zake. Mtaani walimpa jina la Chapuchapu kwa sababu nguo iliyoahidiwa Ijumaa, kwake ilikuwa tayari Jumatano. Mikono yake ilikuwa na haraka. Mdomo wake pia.

Baba yake alihamia kwake alipoanza kusahau mambo. Alisahau njia ya dukani. Alisahau kama amekula. Siku nyingine alisahau hata jina la binti yake. Lakini koti lake la kazi hakulisahau. Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni kwa miaka thelathini na moja, na alistaafu na koti hilo jeusi, zito, lenye vifungo vitano vya shaba ya manjano. Kila asubuhi alilivaa. Alifunga kuanzia chini kwenda juu, bila kutazama. Vidole vyenyewe vilijua njia. Cha kwanza, cha pili. Vilipofika cha tatu, vilikuta uzi mtupu.

"Kifungo changu kiko wapi?" mzee aliuliza.

"Kilidondoka, Baba. Tumekitafuta kila mahali."

"Wewe ndiye uliyekichukua. Nakujua. Mwizi wewe."

Baada ya hapo asubuhi yote iliharibika. Koti halikufungwa, kwa hiyo mzee hakutoka chumbani. Kwa kuwa hakutoka, hakukaa mezani. Kwa kuwa hakukaa mezani, hakula. Alibaki kitandani na hasira zake hadi saa sita mchana. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea. Chapuchapu alikwisha kuzipunguza kiuno suruali za baba yake mara mbili, na kila alipozipunguza alitamani kulia na kupiga kelele kwa wakati mmoja.

Kilichomkera zaidi ni kwamba yeye ni fundi. Ana makopo manne yaliyojaa vifungo, halafu ashindwe na kifungo kimoja. Alishona cha plastiki cha rangi ya manjano. Mzee alikinyofoa. Alishona cha bati kilichopakwa rangi ya dhahabu. Mzee alikipapasa mara moja tu, akasema hiki ni chepesi, mnanifanya mtoto mdogo. Chapuchapu akahamisha kifungo cha juu kabisa, akakishona pale pa tatu. Kesho yake mzee alifika juu, akakuta hakuna kitu. Sasa nyumba ikawa na wezi wawili, Chapuchapu na mumewe, na kifungo cha juu kikarudishwa mahali pake.

Mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtu mpole asiyependa kelele. Siku moja alirudi kazini na bawaba kuukuu ya mlango. Ilikuwa ya shaba ya manjano, yenye mabawa mawili bapa. Mwenye nyumba alikuwa ameitupa. Chapuchapu aliliweka bawa moja kando ya kifungo cha baba. Unene ulikuwa uleule, na rangi ileile.

"Ukipata mtu wa kulikata," mumewe alianza kusema.

"Nitakata mwenyewe," alijibu Chapuchapu.

Kesho yake asubuhi alikwenda duka la vifaa. Muuzaji alikuwa na maneno mengi. Alimtolea mashine ndogo ya mkono, nene kama karoti kubwa, yenye waya wa umeme nyuma. Mbele ilikuwa na kikamatio, yaani mdomo unaoshika ncha. Ukiiwasha, ncha inazunguka. Ukiweka kisahani, inakata. Ukiweka ncha ya kutobolea, inatoboa. Ukiweka jiwe, inasaga. Wengine huiita grenda ndogo.

"Mama, hii ndiyo yenye kasi kuliko zote," muuzaji alisema. "Na sanduku lake lina ncha mia na sitini."

Neno kasi lilimwingia Chapuchapu moyoni. Hakuuliza kitu kingine. Alinunua mashine kwa muda mfupi kuliko anaoutumia kuchagua uzi.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za mateso. Chapuchapu alifanya kazi kwenye meza yake ya cherehani, katikati ya vipande vya kitambaa. Alilishika bawa la bawaba kwa vidole vya mkono wa kushoto, akiwa amelizungushia kitambaa ili lisimchome. Mkono wa kulia uliikandamiza mashine kwa nguvu zote. Ilipopunguza mwendo, alizidi kukandamiza. Visahani vilivunjika kimoja baada ya kingine. Shaba ilipata moto ikamchoma vidole. Alisonya, akatukana kimoyomoyo, akaweka kisahani kingine. Bawa la kwanza liliishia kuwa kipande chenye mikato sita iliyokwenda kila upande. Halikufaa hata kwa kuzuia mlango.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, alianza bawa la pili. Shingoni alikuwa na futi ya kupimia, ile laini, inayoning'inia pande zote mbili hadi tumboni. Mdomoni alikuwa amebana pini tatu. Aliinama ili aone vizuri. Kisahani kilipasuka, na kipande chake kikaruka kikagonga ukuta juu ya kichwa chake. Alishtuka, akajirudisha nyuma. Kwa kule kujirudisha, ncha ya futi ikaiangukia mashine inayozunguka.

Ikaikamata. Mashine iliivuta futi na kuizungushia kwenye kikamatio, na yenyewe ikapanda kifuani kwake. Alihisi shingo inabanwa. Hakuweza kupiga kelele kwa sababu ya pini. Mumewe alikuwa mlangoni akisafisha brashi. Aliziacha zote zikaanguka, akakimbilia ukutani, akang'oa plagi.

Mashine ikasimama. Chapuchapu alitema pini moja moja mkononi. Zilikuwa tatu, hakumeza hata moja. Shingoni alikuwa na mstari mwekundu kama wa kamba.

Mumewe, yule mpole, alifura. Hasira yake haikuwa na makelele, na hiyo ndiyo iliyotisha. Aliikata futi kwa mkasi, akaichukua mashine, akatoka nayo nje, akaitupia kwenye pipa la takataka.

"Sitaki kuiona tena humu ndani," alisema.

"Ni yangu. Niliinunua mimi."

"Ungekufa hapo kwenye kiti. Kwa sababu ya kifungo."

"Si kifungo," Chapuchapu alimjibu, na sauti ikampanda. "Ni baba yangu. Wewe unaamka unakwenda kazini. Anayeitwa mwizi ni mimi. Anayeona sahani inarudi imejaa ni mimi. Usiniambie kifungo."

Walikuwa wanatazamana hivyo, kila mmoja akihema, sauti ya mwanamke iliposema hodi. Mwenye hodi hakungoja kukaribishwa. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja nao, mwanamke mfupi anayefanya kazi kwenye kliniki ya meno. Si daktari. Ni yule fundi anayetengeneza meno ya bandia. Mtaani wanamwita Mama Meno, na anajulikana kwa ulimi mkali. Mkononi alikuwa ameshika mashine ya Chapuchapu, yenye ganda la ndizi mgongoni.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu nasikia hii inalia kwenye ukuta wangu. Mashine kama hii ikitumiwa sawasawa, sauti yake ni moja tu. Yako inakoroma, inanyamaza, inakoroma tena. Nikajua kuna mtu anaikandamiza. Nikajiambia, nisiingilie ya watu. Leo nimesikia kisahani kinapasuka. Mnataka nije siku ya msiba ndipo nisaidie?"

Chapuchapu alikuwa na jibu kali tayari. Lakini Mama Meno alikwisha kuiona shingo yake. Alisogea, akainama, akautazama ule mstari mwekundu kwa muda mrefu. Uso wake ukabadilika. Ukawa na hasira zaidi.

"Ulikuwa umevaa futi," alisema.

"Niliisahau, dada."

"Hukuisahau. Umeivaa miaka mingi mpaka hujui tena kama unayo. Hiyo ndiyo hatari yake. Mtu mwingine angevaa kipande cha kamba shingoni, angekikumbuka. Na pini mdomoni, na kitambaa kwenye vidole." Akaonyesha meza kwa mkono. "Umeleta mazoea yote ya cherehani kwenye shaba. Hebu niambie, cherehani yako ukikanyaga pedali zaidi, inafanya nini?"

"Inakimbia."

"Hii haina pedali. Ukiikandamiza haikimbii, inachoka. Inachemka, na kisahani kinavunjika. Kukata ni kazi ya ule mzunguko. Kazi yako ni kuuongoza tu, kwa mkono mwepesi."

Mume wa Chapuchapu alisema kwamba hata hivyo mashine ilishatupwa, na mazungumzo yameisha. Mama Meno alimgeukia. Alimwambia kwamba yeye, Mama Meno, anaishika mashine kama hii kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa, na nyumbani anatengeneza hereni kwa vijiko vilivyovunjika, kwa kujifurahisha tu, na vidole vyake vyote kumi bado anavyo. Kisha akavionyesha kimoja kimoja. 

"Lakini kwa hii umefanya vizuri kuitupa," aliongeza. "Tazameni."

Alifunga ncha nyembamba iliyonyooka, akaichomeka plagi, akaiwasha. Ncha haikusimama. Ilichora duara hewani. Mkono wa Mama Meno ulitetemeka wote.

"Mnaona? Inacheza. Ncha nzuri ikizunguka inaonekana kama imetulia. Hii itaharibu kila unachogusa. Tena ina mwendo mmoja tu, wa juu kabisa. Ni kama gari lisilojua kwenda polepole. Tunairudisha kesho."

Kesho yake, muuzaji wa maneno mengi hakuwa na maneno mengi. Alijaribu kusema kwamba kitu kikishanunuliwa hakirudi. Mama Meno aliomba plagi, akaiwasha mashine mbele ya wateja wengine wawili, akawaambia watazame ile ncha. Wateja wakatazama. Muuzaji akatoa mashine nyingine haraka.

Chapuchapu alikuwa anachemka. Alitaka kumpa muuzaji vidonge vyake mbele ya watu. Mama Meno alimbana kiwiko, akamnong'oneza kwamba muuzaji ana kosa lake, lakini yeye Chapuchapu pia alikwenda dukani akasikia neno kasi, akanunua kasi. Angesema ana kazi gani. Kazi yake ni vipande vidogo vya shaba. Kwa kazi hiyo, jambo kubwa si nguvu. La muhimu ni kuutawala mwendo.

Kwa hiyo walichagua polepole. Mashine waliyoichukua ilikuwa na kigurudumu cha kupunguza na kuongeza mwendo. Ncha yake ilitulia. Chapuchapu aliishika kama kalamu, kisha kama kisu, na haikumchosha kiganja. Muuzaji alisifia ya betri. Mama Meno alisema ya betri ni nzuri kwa anayefanya kazi pasipo na umeme, au kazi fupi, lakini hawa wanafanyia nyumbani, na waya hauishiwi chaji katikati ya kazi. Aliuliza pia kama makaa yake madogo ya ndani, yale yanayopitisha umeme kwenye mota na kulika kidogo kidogo, yanapatikana yakiisha. Yalipatikana.

Sanduku la ncha mia na sitini walilikataa. Walichukua chache, zilizo imara. Mama Meno alisoma maandishi madogo kwenye pakiti ya visahani. Kila kisahani huandikwa mwendo wa juu kinaoweza kuuvumilia. Ukikifunga kwenye mashine inayozidi hapo, kinapasuka. Mwisho alichukua miwani ya kinga iliyofunika hadi pembeni mwa macho, na barakoa za vumbi.

"Miwani ninayo," Chapuchapu alisema. "Ya kusomea."

Mama Meno alimvalisha ile ya kinga palepale dukani.

Jioni mapema, jua likiwa bado linaingia dirishani, walikaa kwenye meza ya Mama Meno. Ilikuwa meza tupu. Haikuwa na kitambaa, uzi wala karatasi. Pembeni palifungwa jiliwa dogo, kifaa chenye taya mbili za chuma zinazobana kitu kisisogee. Kwenye taya alikuwa ameweka vipande viwili vya ngozi ili shaba isipate alama.

"Futi," alisema Mama Meno.

Chapuchapu aligusa shingo yake. Alikuwa ameivaa nyingine. Aliivua kwa hasira, akaitundika kwenye msumari. Alifunga nywele kwa kitambaa, akaikunja mikono ya blauzi, akavua pete. Alipotaka kuvaa glavu, Mama Meno alimkataza. Glavu ikikamatwa na kitu kinachozunguka, inavuta na mkono. Kama kitu kinapata moto, kiweke kwenye jiliwa, usikishike.

Walilibana lile bawa la pili la bawaba kwenye jiliwa. Chapuchapu alitumia kifungo cha kwanza cha koti kama kielelezo, akachora duara kwa msumari. Alifunga kisahani cha kukatia wakati plagi imetolewa. Mama Meno alisisitiza hilo mara tatu. Kubadilisha ncha, plagi nje. Kila mara, hata kama una haraka.

"Hasa wewe," alisema.

Kisha wakaiwasha, wakaiacha izunguke yenyewe kidogo kabla ya kugusa shaba. Chapuchapu aliambiwa asiweke uso kwenye mstari wa kisahani. Kikivunjika, vipande huruka kwenye mstari huo. Akae kando kidogo. Mikono yote miwili iwe kwenye mashine. Kisahani kiingie wima na kisipindishwe.

Aligusa shaba. Mstari mwembamba ukatokea. Aliinua mkono, akagusa tena. Mashine haikukoroma. Sauti yake ilikuwa moja.

Unadhani alifurahi? Alikasirika. Mtu aliyezoea kushona kola kwa dakika nne sasa alikuwa anakata mstari wa nusu kidole, anaacha, anasubiri shaba ipoe, anakata tena. Polepole ilimuuma kuliko moto. Mara mbili mkono ulitaka kukandamiza, na mara mbili Mama Meno aliisikia sauti ikibadilika akampiga kikofi begani bila kumwangalia. Duara halikukatwa kwa mviringo. Walikata mistari minane iliyonyooka kuzunguka mchoro, kwa sababu kisahani hakipendi kona. Pembe zilizobaki ndizo zilizosagwa baadaye.

Kwa kusaga, Chapuchapu alichukua jiwe. Mama Meno alimpokonya.

"Shaba ni laini. Inaziba vitundu vya jiwe, halafu jiwe linateleza na kuchemka tu. Jiwe ni la chuma kigumu. Kwa shaba chukua msasa huu wa kuviringa. Na upunguze mwendo."

Kutoboa kulikuwa rahisi zaidi. Walipiga nukta kwa msumari mgumu na nyundo, ili ncha isitembee. Wakadondosha tone la mafuta. Yalikuwa mafuta ya cherehani, ya Chapuchapu mwenyewe, na hicho ndicho kitu pekee cha kazi yake ambacho Mama Meno alikikubali mezani. Wakatoboa taratibu, wakiinua ncha mara kwa mara ili unga wa shaba utoke. Matundu mawili yakapatikana.

Kifungo kilikuwa kimekamilika. Kilikuwa kizito, cha mviringo, cha manjano. Kwa macho huwezi kukitofautisha na vingine. Chapuchapu alikishona jioni hiyohiyo.

Asubuhi mzee alivaa koti. Cha kwanza. Cha pili. Vidole vikafika cha tatu, vikasimama. Vikakizunguka. Chapuchapu alishikilia kiti.

"Hiki si changu," mzee alisema. "Hiki kinakwaruza. Mmechukua changu mkaniwekea takataka. Mwizi wewe."

Hapo Chapuchapu alilipuka. Yote ya miezi mitano yalimtoka kwa mpigo mmoja. Alimwambia baba yake kwamba amechoka, kwamba shingo yake ilikaribia kukatwa kwa ajili ya kifungo hicho, kwamba hakuiba, hajawahi kuiba, na kama anataka kumwita mwizi basi amwite hadi kaburini. Mzee alimtazama kwa macho ya woga, kama abiria asiyejua kosa lake. Mumewe aliingia akamshika mzee mkono, akamvua koti.

Chapuchapu alilichukua, akatoka nje. Alikuwa na hasira, na alikuwa na aibu ya kumpigia kelele baba yake, na aibu ile ilimzidishia hasira. Aliingia kwa Mama Meno na koti mkononi, akalitupa juu ya meza.

"Amekikataa. Kazi yote bure."

Mama Meno alilivuta koti karibu. Alifumba macho. Alikipapasa kifungo kipya kwa kidole gumba, kisha kile cha pili cha zamani, kisha kipya tena. Akaichukua mikono ya Chapuchapu, akaiweka juu ya vifungo, akamwambia naye afumbe.

Kwa macho yaliyofumbwa, ulikuwa ulimwengu mwingine. Kifungo cha zamani kilikuwa na ukingo laini, wa mviringo. Miaka thelathini na moja ya vidole ilikuwa imeusaga. Kipya kilikuwa na makali pembeni. Matundu yake pia yalikuwa na makali.

"Wewe ulikitengeneza kwa macho," Mama Meno alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Mzee wako hatazami. Na hayo matundu yangekata uzi wako ndani ya wiki mbili. Hilo wewe ndiye ungepaswa kuniambia mimi."

Ilikuwa kweli. Fundi wa nguo yeyote anajua kwamba tundu lenye makali ni kisu cha uzi. Chapuchapu alisikia aibu, lakini hii ilikuwa aibu ya kazi, na ya namna hiyo alijua dawa yake. Alikifumua kifungo. Futi ikaenda kwenye msumari bila kuambiwa. Miwani, barakoa, plagi nje, ncha, plagi ndani. Alivunja makali ya matundu kwa ncha ya duara, kugusa tu na kuinua. Ukingo aliupitishia tupa ndogo kwa mkono, kisha msasa mwembamba. Mwisho alifunga kigurudumu cha sufi, akakipaka dawa ya kung'arishia, akaweka mwendo wa chini. Kila baada ya muda alizima mashine, akasubiri isimame kabisa, akafumba macho, akapapasa. Bado. Akarudia. Ilimchukua asubuhi nzima. Wateja wawili waligonga kwake wakaondoka. Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake, nguo ya mtu ilichelewa.

Mchana, kabla ya kukishona, alikipima mara ya mwisho. Aliviweka viwili kiganjani, cha zamani na kipya, akavichanganya kwa macho yaliyofumbwa. Alijaribu kukitambua alichokitengeneza. Alikosea mara mbili.

Asubuhi iliyofuata alisimama kando ya kitanda na kikombe cha chai.  Alikuwa tayari kuitwa mwizi. Alikuwa amejiapiza kwamba safari hii hatapandisha sauti, lakini hakuwa na uhakika.

Mzee alivaa koti. Cha kwanza. Cha pili. Vidole vilifika cha tatu. Havikusimama. Kifungo kiliingia tunduni mwake, na vidole vikaendelea juu, cha nne, cha tano. Mzee alinyoosha kola. Akapita mbele ya binti yake kama anavyopita mtu mwenye kazi ya kufanya, akaenda kukaa mezani.

Alikula mkate kipande cha kwanza. Akala cha pili. Mpaka rangi aliacha kutafuna, akawa anamtazama tu. Mzee aliomba sukari zaidi.

Kisha alishusha kikombe, akagusa kifua chake katikati.

"Kimerudi," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Alikirudisha mwenyewe, yule mwizi?"

Hasira ilimpanda Chapuchapu. Alikuwa na maneno yote tayari, ya miezi mitano, yaliyopangwa. Kwamba hapakuwa na mwizi. Kwamba ni yeye, binti yake, kwa mikono yake. Alitazama mashavu ya baba yake yakitafuna.

"Alikirudisha mwenyewe," alisema.

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Ukimwona, mwambie nimemsamehe."

"Nitamwambia, Baba," alisema Chapuchapu, akamkatia kipande cha tatu.